Mshairi mlevi na bili isiyofika mezani

Filamu za mshairi mlevi huwa na ugonjwa mmoja: huipenda chupa kuliko zinavyompenda mshairi. Mtazamaji anaondoka na picha ya glasi, moshi wa sigara na mwanamke aliyevumilia, lakini akiulizwa mshairi aliandika nini na saa ngapi, hana la kusema. Barfly ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Barbet Schroeder, ni kati ya zile nzuri kabisa za aina hii. Inafaa kutazamwa mara mbili, hata tatu. Na kwa kuwa ni nzuri, pale inapodanganya panauma zaidi.

Skripti aliiandika Charles Bukowski, mshairi mlevi mwenyewe wa Marekani, akichota kwenye ujana wake huko Los Angeles. Mhusika anaitwa Henry Chinaski, na anayemcheza ni Mickey Rourke. Henry hana kazi wala haraka ya kuitafuta, na kila mara huishia uani nyuma ya baa akizichapa na Eddie, mhudumu wa kaunta. Kisha anakutana na Wanda, aliyechezwa na Faye Dunaway. Wanda anamwonya mapema, bila kuzunguka: akitokea mwanaume mwenye chupa ya wiski, ataondoka naye. Hazipiti siku nyingi, anaondoka na Eddie. Hapo filamu imesema kweli tupu. Wanda hakumpenda Eddie wala hakumkataa Henry. Iliyochagua ni kiu.

Kuna onyesho la mahindi ambalo wengi hulipita haraka. Wako njiani, Wanda anaona mahindi yamepandwa kwenye kiwanja cha watu, anayavamia na kuanza kuyavunja. Polisi wanatokea, wao wanatimua mbio hadi chumbani. Mahindi yanachemshwa, Wanda anang'ata, kumbe ni machanga, hayaliki. Yeyote aliyekulia karibu na shamba anajua hindi changa kwa kulibonyeza tu, hata kabla ya kulimenya. Wanda hakubonyeza. Alilitaka sasa hivi. Onyesho hilo dogo linaeleza ulevi kuliko ngumi zote za uani.

Kwenye mwanga, Barfly haina mpinzani. Mpiga picha mkuu alikuwa Robby Müller, na sehemu za kupigia picha zilikuwa finyu mno kwa taa kubwa za sinema, ambazo zinataka stendi, nafasi, na zinachoma kama jiko. Mafundi wake wa taa, Frieder Hochheim na Gary Swink, wakafanya jambo ambalo fundi umeme yeyote wa mtaani atalielewa: waliitenganisha tyubu na choki yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu. Choki ikakaa mbali, waya mrefu ukavutwa, na tyubu tupu, nyepesi, isiyo na joto kali, ikawa inaweza kubandikwa ukutani kwa teipu au kufichwa nyuma ya kaunta. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa taa za Kino Flo, ambazo baadaye zilienea kwenye studio duniani kote.

Jambo la pili lilikuwa aina ya choki: ya masafa ya juu, inayoiwasha tyubu kwa kasi ambayo hata kamera haioni ikipepesa. Choki ya kawaida huifanya tyubu iwake na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, yaani mara 120 kwa sekunde Marekani kwenye hezi 60, na mara 100 huku kwetu kwenye hezi 50. Jicho halioni, kamera inaona. Picha inapepesa, au mikanda ya giza inapanda na kushuka juu ya sura ya mwigizaji. Anayerekodi Dar es Salaam au Nairobi ndani ya baa yenye tyubu za zamani aweke fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1/50. Akiiacha kwenye 1/60 mikanda itakuja, na hakuna ujanja wa kuhariri utakaoiondoa vizuri.

Rourke naye ana somo la kutoa. Haangushi viti. Anatembea polepole, mabega yameelekea mbele, mikono imeachana na mbavu kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, na sauti anaivuta. Kwenye vichekesho vyetu vingi mlevi ni wa kuyumba, kuimba na kuangukia mtaroni. Huyo ni mgeni wa pombe. Mzoefu wa miaka anamaliza chupa nane na bado anahesabu chenji yake, kwa sababu nguvu zake zote zimekwenda kwenye kazi moja: asionekane amelewa. Kwa hiyo mwigizaji asianzie miguuni. Aanzie kwenye kazi ndogo, kama kuwasha kiberiti au kuingiza ufunguo mlangoni, na aifanye kwa uangalifu uliopitiliza, macho yakichelewa kidogo kufika yanakokwenda. Kuteleza kuje mara moja tu katika onyesho zima.

Vinywaji vya kuigizia navyo vina miiko yake. Wiski ni chai ya rangi iliyopoa, bila sukari, imiminwe taratibu kwa sababu ikitikiswa inatoa povu linalokaa. Bia hupoteza povu chini ya taa za moto. Punje chache za chumvi hulirudisha kwa muda. Nyuma ya kila glasi bandika kipande cha teipu kuonyesha kinywaji kilifika wapi, maana glasi iliyokuwa nusu ikirudi imejaa kwenye shoti inayofuata, mtazamaji ameshatoka ndani ya hadithi.

Sasa lawama. Mtu anayekunywa sana kila siku, akikaa saa 6 hadi 24 bila pombe, anaanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukataa chakula. Degedege inaweza kumshika ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya saa 48 na 96 anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa. Ndiyo maana familia inayomfungia mlevi sugu chumbani ili aache pombe kwa nguvu inamhatarisha kuliko inavyojua. Wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali. Na ndiyo maana kuzimua asubuhi si starehe tena kwake, ni dawa ya ugonjwa ulioletwa na dawa hiyohiyo. Glasi ya kwanza huishika kwa mikono miwili. Barfly haikai na asubuhi hiyo. Inatupa damu nyingi ya ngumi, ambayo kesho yake imekauka, na inaficha mtetemeko, ambao haukauki.

Bukowski aliijua bili hiyo ya pombe kwa jina. Mwaka 1955, akiwa na miaka 34, alilazwa hospitali Los Angeles akivuja damu kutokana na kidonda cha tumbo, na alikaribia kufa. Baada ya kutoka ndipo ushairi ulipomkolea. Kisha ikafuata miaka ya posta: karani wa kupanga barua, na nyumbani taipureta. Mwaka 1969 mchapishaji wake, John Martin wa Black Sparrow Press, akamwahidi dola 100 kila mwezi ili aache kazi na aandike tu. Aliketi akamaliza riwaya yake ya kwanza, Post Office, katika muda usiofika mwezi. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa na nidhamu ya kiti. Aliandika akiwa na pombe mezani, ndiyo, lakini aliandika usiku kwa usiku, miaka na miaka.

Katika filamu kiti hicho tunakiona kwa kuibia. Henry ana penseli, karatasi na redio inayopiga muziki wa klasiki, mistari michache, basi. Halafu mwanamke mchapishaji, tajiri, Tully, anakuja kumtafuta na hundi mkononi, kana kwamba mashairi humea yenyewe kwenye chupa tupu. Kijana anayeandika na kunywa akitazama hapo, anajifunza nusu ya kazi, na ni nusu isiyo sahihi.

Kwa upande wa wanawake, filamu hizi zina deni kubwa zaidi. Mwaka 1981, Marco Ferreri alitengeneza Tales of Ordinary Madness kutoka kwenye hadithi za Bukowski, Ben Gazzara akiwa mshairi na Ornella Muti akiwa Cass. Cass anajitoboa mashavu kwa pini kubwa ya nguo, na hatimaye anajiua. Kamera inamkodolea macho kwa uzuri wake hadi mwisho, na kifo chake kinageuzwa huzuni ya mwanaume. Wanda wa Dunaway ana bahati kuliko huyo: ana ulimi, ana hasira, anamtwanga Henry kwa pochi hadi damu inamtoka kichwani. Lakini hata yeye mwishoni anaishia kugombana na Tully ndani ya baa kwa ajili ya mwanaume mmoja, watu wakishangilia.

Schroeder alijua zaidi ya alichokionyesha. Kabla ya Barfly alimrekodi Bukowski kwa mahojiano marefu, na katika kipande kimoja mshairi, amelewa, anamgeukia mwenzi wake, Linda Lee, wakiwa wamekaa kwenye kochi moja na kumpiga mateke. Kamera haikuzimwa. Mwongozaji mwenye picha hiyo mkononi alipofika kwenye filamu ya kuigiza, akaacha mwanamke ndiye anayepiga. Huo ni uchaguzi, na ni uchaguzi mbaya.

Wanda ametokana na mtu halisi, Jane Cooney Baker, aliyemzidi Bukowski umri kwa takriban miaka kumi. Walikutana baa, wakaishi pamoja kwa vipindi, wakaachana. Jane alikufa Januari 1962, pombe imemmaliza. Barfly inafunga pazia Wanda akiwa bado mzima na mrembo, Henry akiwanunulia wote vinywaji, kisha anatoka tena uani kupigana na Eddie. Saa imesimamishwa.

Bukowski hakuisimamisha kwenye mashairi. Baada ya mazishi aliandika kuhusu kuokota sketi ya marehemu, na shanga zake nyeusi zinazong'aa, vitu vilivyozunguka mwili ambao haupo tena, huku akigombana na Mungu. Skripti ya Barfly aliiandika mtu yuleyule. Dakika mbili zingetosha: chumba, mwanga wa tyubu, mwanaume, sketi mkononi, redio imezimwa.