Uso wa Sendofu, Mikono ya Kilombero

Picha bado ninayo kwenye simu. Ni sendofu ya mdogo wangu, ukumbini Njiro. Nimesimama katikati ya mashangazi, gauni la pichi lisilo na mikono, na mtu asiyenijua angeapa kwamba kichwa nimeazima. Uso wa njano, shingo ya kahawia, mikono ya mwanamke anayeuza mitumba soko la Kilombero, Arusha, juani siku sita kwa wiki, maana ndiye mimi. Mpambaji aliliona mapema akajitahidi kuniokoa: akanipaka fondesheni kuanzia mabegani hadi vidoleni. Ilishika vizuri mpaka nilipomkumbatia shangazi mkubwa, aliyevaa nyeupe. Vidole vyangu vitano vilibaki mgongoni kwake usiku kucha, na alipopita mbele kutoa zawadi ukumbi mzima ulivisoma.

Siku hizi kisa hiki nakisimulia kizimbani kwangu sokoni huku nacheka, na wasichana wanaochagua nguo wakishacheka huinama kuniuliza kwa sauti ya chini: sasa dada, mtu afanyeje mikono na uso vifanane? Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya uko kwenye majibu yanayouzwa mtaani.

Mimi sikukusudia kujichubua. Sijawahi kukutana na mtu aliyekusudia. Paji la uso na mashavu vilikuwa vimeungua na jua, nikataka vilingane na sehemu nyingine. Nikaingia duka moja la vipodozi, nikapewa kopo dogo jeupe lisilo na lebo. "Mpenzi wangu, huu siyo mkorogo," muuzaji akaniambia, "hii ni ya kusawazisha tu." Wiki ya tatu watu wakaanza kunisifu: umetakata! Neno hilo nimelichukia tangu hapo. Kutakata ni kutoka uchafu. Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa mchafu, na hakuna aliyeniambia?

Mwezi wa nne jua la saa tano likawa linachoma mashavu kama pilipili. Chunusi ndogondogo zikajaa kidevuni, vishipa vyekundu vikaonekana pembeni mwa pua, na vinyweleo vikaota mahali ambapo mwanamke havitarajii. Nikapanda basi kwenda Moshi, kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC. Pale kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na kinafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo ngozi nyeusi kwao ni kazi ya kila siku, siyo ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu.

Daktari, mama wa makamo, alipokea shikamoo yangu, akaniangalia mara moja tu, kisha akanyoosha mkono: "Kopo umekuja nalo?" Alilifungua, akalinusa, akalifunga. Akasema bila maabara hawezi kuapa kilichomo, ila uso wangu unamwambia steroidi. Hizo ni dawa halali kabisa za ukurutu, ukiandikiwa na daktari kwa muda mfupi. Ukizipaka usoni miezi, zinakondesha ngozi mpaka inakuwa kama karatasi ya kufungia vitumbua. Tena hata kuziacha kuna utaratibu wake: aliyetumia muda mrefu akikatisha ghafla uso unaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo, kwa hiyo aachishwe na daktari, asijiachishe mwenyewe chumbani.

Wenzake steroidi ni wawili. Haidrokwinoni (lebo huiandika kwa h-y) huzuia ngozi kutengeneza rangi, na ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia mabaka ya samawati-nyeusi kwenye mashavu ambayo kuyatoa ni shida kubwa. Ndiyo kejeli yake: umeukimbia weusi, ukakutana nao mbele ukiwa wa aina mbaya zaidi. Wa pili ni zebaki, ambayo haiishii kwenye ngozi. Inaingia mwilini na kuharibu figo, na mama anayejipaka anaweza kumpitishia mtoto anayembeba. Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango. Marufuku hiyo ni nzuri, lakini kopo langu halikuwa na lebo ya kukaguliwa. Lilijazwa kwa kijiko nyuma ya pazia.

Jambo lililonibadilisha halikuwa dawa. Daktari alininyanyua mkono, akageuza upande wa ndani, juu karibu na kwapa, akakisogeza kioo. "Dada, rangi yako hii hapa. Jua halijaigusa. Nikikusaidia vizuri, utarudi hapa. Anayekuahidi zaidi ya hapa anakuchubua, hata akikwambia anasawazisha."

Ndiyo kipimo ninachowapa wasichana wa kizimbani. Nyanyua mkono, tazama ndani. Huo ndio mpaka. Na hata huo usiuchukulie kama sheria ya serikali: wengi wetu weusi tuna mstari unaoshuka kutoka begani kuelekea kiwiko, nje kumekoza, ndani kumefifia. Tumezaliwa nao. Viwiko na vifundo vya vidole navyo vimekoza kwa sababu ngozi yake ni nene na inakunjwa kutwa nzima. Ukivisugua na dodoki lenye magadi mpaka vidonde, vitapona vikiwa vyeusi zaidi, maana ngozi yetu hujibu kila kidonda kwa kumwaga rangi. Limau ndilo baya kuliko yote: ukijipaka ukatoka juani, linaweza kukuunguza malengelenge na kuacha madoa ya miezi.

Sasa jua lenyewe. Watu wa Arusha tunadanganywa na baridi. Tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, mji uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mionzi hiyo haina joto unaloweza kulihisi. Unakaa kwenye upepo wa Meru umevaa fulana, unajisikia vizuri, mkono unaiva. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa tu.

Kaka yangu ni dereva wa watalii. Gari zetu usukani uko kulia, kiwiko chake cha kulia kinakaa dirishani kuanzia Arusha mpaka lango la Ngorongoro. Akiweka mikono miwili mezani, utadhani ni ya ndugu wawili. Akipandisha kioo anafikiri amejikinga, kumbe kioo cha kawaida cha pembeni huzuia ile mionzi inayounguza na kuachia nyingi ya ile inayokoleza rangi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mikono ni mikono ya nguo. Nasema hivi nikijua mimi ni muuza nguo, mnisamehe. Shati jepesi la mikono mirefu, mtandio, kofia ya pama, mwavuli uliozoea kuutoa kwa mvua peke yake. Kisha sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, ambayo ikipakwa ya kutosha huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza. Hiyo "ya kutosha" ndiyo tunayokosea. Uso na shingo wanataka mistari miwili iliyojaa, kama urefu wa kidole cha shahada na cha kati; wengi tunapaka punje ya harage kisha tunalalamika haifanyi kazi. Ukiwa nje urudie kila baada ya saa mbili. Na kwa mwenye mabaka usoni, ile yenye rangi ya kahawia ndani yake ina faida ya ziada, kwa kuwa mwanga wa kawaida wa kuonekana nao hukoleza ngozi nyeusi, na ile nyeupe ya kawaida haiuzuii vya kutosha.

Utasikia kwamba sanskrini ni vitu vya wazungu. Kumbe pale pale Moshi, KCMC, inatengenezwa Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la saratani. Hiyo ni yao na wapewe wao kwanza. Naitaja tu kwa sababu utaalamu huo uko chini ya Kilimanjaro yetu, halafu sisi madukani tunaoneshwa rafu nzima ya kung'arisha na chupa moja ya kujikinga, imejaa vumbi.

Vya kupaka vilivyo salama vipo: niasinamaidi, vitamini C, na asidi ya azelaiki ambayo ningeomba uulize kwanza mfamasia au daktari. Vinafanya kazi polepole, na bila kujikinga jua ni kuchota maji kwa tenga. Mafuta ya mgando baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, yatakuondolea ule ukavu wa kijivu ambao nusu ya watu wanauita weusi. Lakini mabaka yaliyoanza na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, na shingo iliyokuwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, usihangaike nayo dukani. Shingo ya namna hiyo mara nyingi inamtaka mtu akapime sukari.

Uso wangu ulichukua karibu mwaka kutulia. Mikono ilikuwa rahisi ajabu. Kuanzia Juni mpaka Agosti kizimbani tunavaa masweta, hakuna anayetoa mkono nje. Mwisho wa baridi ile nilikunja sweta kunawa, nikaona mgongo wa kiganja na kifundo vina rangi moja na mkono karibu na kiwiko, na tofauti na uso ilikuwa ya kutafuta.

Kaka nilimnunulia zile soksi za mikono wanazovaa bodaboda, jozi moja, nyeusi. Anavaa ya kulia tu. Ya kushoto nimeikuta juzi kwenye dashibodi, anafutia kioo.