Mama kaniuliza swali, Berlin nzima hawana jibu

Mi huu mwaka wa nne niko Berlin naandika smati kontrakti, yaani programu zinazoshika na kuhamisha hela ya kidijitali zenyewe, kwenye mtandao wa Ethereum, na kila nikipiga simu Dar washikaji wanasema mwanetu umetoboa. Sawa, hela ipo, umeme haukatiki, ila kilichonishangaza huku ni muda. Kule Sinza mteja anakuja Jumatatu anataka kazi Ijumaa, ukimwambia ngoja kwanza tuijaribu anaona unavuta hela. Huku kontrakti ya mistari mia tatu inakaa kwenye testineti (mtandao wa majaribio, hela si za kweli) wiki kadhaa halafu wanalipwa watu wa nje waikague, maana ikishapanda kwenye cheni, mtandao wenyewe wa hela za kweli, kuibadilisha ndo basi tena (labda uwe ulijiwekea mlango wa nyuma toka mwanzo). Mwaka 2016 The DAO, mfuko wa uwekezaji uliojengwa juu ya Ethereum, ilichotwa ETH (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 kisa programu inatoa hela kwanza ndo inapunguza salio, jamaa akawa anaomba tena na tena kabla salio halijashuka. Aisee, wakala yoyote wa Manzese anajua hiyo, noti haitoki mpaka meseji iingie.

Na hapo ndo naonaga nyumbani tunawazidi. Likizo iliyopita nimemwekea mama waleti ya sarafu hizi kwenye simu, nikamwambia haya maneno 12 ndo funguo zako, andika ufiche, yakipotea na hela imekwenda. Akaniangalia. "Sasa baba, nikikosea nampigia nani?" Nikamjibu hakuna wa kumpigia, ndo uzuri wake. Alicheka huyo, akanirudishia simu akaendelea na vitunguu vyake. Mtu katumia M-Pesa toka inaingia Tanzania 2008, kashakosea namba, kapiga huduma kwa wateja, hela ikarudi, we unamletea nini?

Nilivyorudi Berlin nikalileta swali lake kwenye kikao cha kazini, wakasema mtumiaji aelimishwe. Yaani watu wote wana akaunti benki, waleti kwao ni ya kubahatisha bei tu, huyo wa vitunguu wamjulie wapi.

Sasa hivi usiku najengaga waleti yangu, ukipoteza funguo watu wawili kati ya watatu uliowachagua wakikubali unarudishiwa. Wazo sio langu, Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, aliliandikia 2021. Mama kashachagua wake, dada, mjomba na mweka hazina wa kikoba. Mi kaniacha, eti niko mbali na simu sipokei.