Nani anawapunguza umbo kondoo wa Hirta?

Kisiwa cha Hirta, magharibi ya Uskoti, kilihamwa na wenyeji wake mwaka 1930. Miaka miwili baadaye wakaletwa kondoo wa Soay, kutoka kisiwa jirani chenye jina hilo. Hawachungwi, na hakuna mnyama anayewawinda. Tangu 1985 watafiti huwakamata kila mwaka, wakawapima uzito na urefu wa miguu, kisha wakawaachia. Kufikia 2009 umbo lao lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 5.

Wengi wanaitafsiri habari hii kwa kanuni ya Mjerumani Carl Bergmann ya mwaka 1847: mnyama mkubwa hutunza joto kuliko mdogo, maana ngozi yake ni ndogo ukilinganisha na uzito. Dunia ikipata joto, basi, uteuzi wa asili, yaani kusalia na kuzaa kwa wanaofaa zaidi mazingira, utawapendelea wadogo. Hoja hii ina uzito. Ndege zaidi ya 70,000 wa spishi 52 waliokufa kwa kugonga majengo ya Chicago walipimwa, ikaonekana mfupa wa mguu umefupika kati ya 1978 na 2016.

Lakini kule Hirta, watafiti Arpat Ozgul na Tim Coulson walikuta uteuzi ungali upande wa wakubwa. Kilichobadilika ni baridi yenyewe. Zamani mwanakondoo asiyenenepa mapema hakuuona mwaka wa pili. Sasa nyasi zinadumu, na yule mnyonge anavuka. Tena majike wanaozaa wakiwa bado wanakua huzaa watoto wadogo kuliko wao wenyewe walivyozaliwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona mwili mdogo wakasema, “wanyama wanazoea.” Tofauti hii ni kubwa: kinachorithiwa hupita kizazi hadi kizazi, kinacholetwa na lishe kinaweza kurudi kilivyokuwa.

Mtazame pia kitwitwi, ndege wa pwani anayezaliana Aktiki ya Urusi, yule anayepitisha msimu wa baridi Banc d'Arguin, pwani ya Mauritania. Theluji ikiyeyuka mapema, wadudu hujaa kabla makinda hawajawahitaji, na makinda hukua na mwili mdogo na mdomo mfupi. Wakifika Mauritania, kombe wanaowala wamezama mchangani kuliko mdomo unavyofika, nao hubaki kula mizizi ya nyasi za bahari. Hao hufa zaidi katika mwaka wa kwanza kuliko wenye midomo mirefu. Wanaosalia zaidi ni wenye midomo mirefu, huku kila kiangazi chenye joto kule kaskazini kikiendelea kuangua wenye mifupi.