Kinywaji cha dakika tano

Ndugu zangu, mtu akikwambia jambo fulani linachukua dakika tano, muulize kwanza anakaa wapi. Muulize umeme wa kwao unakatika saa ngapi, friji yake ina nini ndani, na kwake nani anatumwa sokoni. Kwetu Tabata anayetumwa ni mimi.

Mama watoto siku hizi ameshikwa na video za mapishi. Zilianza keki za kwenye sufuria la mchanga, tukazila. Zikaja biskuti, tukazila na chai nyingi ili zishuke. Sasa ni kokteli za matunda na majani. Kuna dada mmoja humo kwenye simu, ana kucha ndefu na jiko ambalo halijawahi kukaangiwa dagaa. Anachuma minti dirishani, anakamua ndimu, anamimina, anatikisa, anaonja, anafumba macho. Dakika tano, muziki umeisha. Mama watoto akanigeukia: "Baba watoto, Jumamosi hatutoki. Tunatengeneza wenyewe hapahapa."

Nilifurahi, nisiwafiche. Kumtoa mama watoto kuna gharama zake. Kule Masaki glasi moja yenye jani moja juu inakula hela ya mboga ya siku kadhaa, na ukiitazama vizuri ni barafu tupu, kinywaji kimejificha chini kama mdaiwa. Nikasema moyoni, hapa tumepona. Kumbe orodha ilikuwa bado haijaandikwa.

Orodha ikaja: minti, ndimu, nanasi, pasheni, ukwaju, tangawizi, asali, maji ya gesi, barafu. Mwishoni, kwa maandishi madogo: "na mrehani ukiuona." Hivyo ndivyo vitu ambavyo dada wa kwenye simu anavikuta vimepangwa mezani vinamsubiri.

Nikaanzia gengeni. Mama wa genge ana mchicha, matembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu, kila kitu. Nikamwambia naomba minti. Akatulia. "Ya kupikia nini?" Nikamwambia si ya kupika, ni ya kunywa. Akanitazama kwa huruma, akainama chini ya meza, akanikabidhi fungu la kotmiri.

"Mama, hii kotmiri."

"Si yanayonukia haya? Wenzako wanachukua na hawajarudi kulalamika."

Ubishi wa gengeni huwezi kuushinda, kwa sababu kesho utarudi kukopa nyanya. Nikalipa kotmiri, nikapanda daladala kwenda Kisutu. Pale mjini kwenye soko la Kisutu majani ya kila aina yapo, maana ndugu zetu Wahindi wamenunua viungo vyao eneo lile miaka na miaka. Fungu limefungwa kwa kamba ya mgomba, majani mabichi yamesimama. Unachuma moja, unalisugua katikati ya vidole, ubaridi unakupanda puani mpaka unasahau nauli. Hiyo ndiyo minti.

Sasa isafirishe mpaka Tabata. Mchana. Umesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba, mwingine umeshika mfuko, na kuna kaka mpana ameamua kuegemea hapohapo kwenye mfuko. Kufika Buguruni minti imelegea, imekuwa mboga. Mama watoto akanipokea kwa kuguna. Ila hapa nimpe haki yake: alikata vikonyo kidogo kwa chini, akavisimamisha kwenye glasi ya maji baridi, na baada ya muda majani yakanyanyuka yakakaa wima. Mimi nilikuwa bado nimelala kwenye kochi, hakuna aliyeniwekea maji baridi.

Ndimu nazo. Ndimu ni tunda lenye kiburi. Kuna msimu jirani anakugawia bure ndoo nzima, na kuna msimu zinauzwa kwa kuhesabiwa, muuzaji amekukazia macho usije ukazibonyeza. Zangu zilikuwa ndogo na ngumu, za kuchezea gololi. Dawa yake ni kuiviringisha mezani kwa kiganja huku unaikandamiza, mpaka uisikie imelainika, ndipo uikate. Ukiikata kavukavu utakamua mkono na tone moja. Na msikubali kupewa limao eti "ni ileile tu, kubwa." Si ileile. Limao na ndimu ni ndugu, ila hata mimi na mdogo wangu ni ndugu.

Mdogo wangu huyo ndiye akaja. Sijui hupata habari wapi. Chupa ikifunguliwa Tabata, yeye yuko Vingunguti anainuka. Safari hii alikuja na Konyagi yake mkononi, akidai amekuja kusaidia. Hili suala la kipimo halijamwingia akilini tangu viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vipigwe marufuku Machi 2017. Yeye alizoea kung'ata kona na kumaliza, hicho ndicho kilikuwa kipimo. Konyagi ni asilimia 35, na yeye humimina kama anamwagilia bustani ya serikali, maji si yake.

Mama watoto akamnyang'anya chupa, akatoa kijiko cha chakula. "Shemeji, hapa tunapima." Kijiko kimoja ni mililita 15. Vijiko vinne vya kinywaji kikali, viwili vya ndimu, viwili vya shira. Basi. Ukishajua hiyo hesabu, matunda na majani unabadilisha upendavyo: leo pasheni, kesho nanasi na mrehani. Shira yenyewe ni sukari na maji kiasi sawa, unachemsha mpaka iyeyuke, unaipoza. Nikauliza kwa nini tusitie sukari moja kwa moja, maana gesi nainunua mimi. Nikajibiwa kuwa sukari haiyeyuki vizuri kwenye baridi, inakaa chini, unakunywa uchachu mtupu halafu mwishoni unatafuna mchanga. Sawa. Gesi ikawaka.

Kwenye kuponda ndipo palipokuwa na kesi. Kifaa cha kupondea majani hatuna, tuna kinu. Kinu chetu kimetwanga kitunguu saumu tangu tuoane. Mama watoto akakisugua kwa chumvi na limao (lile nililokataa, kumbe lilinunuliwa baadaye na mtoto), kikapoa kidogo. Mdogo wangu akashika mchi, akapanua miguu, akaanza kutwanga minti kwa nguvu zote mpaka vikombe vinaruka kabatini.

"Shemeji! Hicho siyo kisamvu!"

Minti haitwangwi. Unaibonyeza mara chache tu ili harufu itoke. Ukiisaga inatoa uchungu, na vipande vinakuganda kwenye meno, unaongea na watu umevaa bustani. Fungu la kwanza likaenda hivyo. Fungu la Kisutu, lililopanda daladala pamoja na mimi.

Wakati huo huku nje wapangaji wenzetu wanapita. Wanaona kinu, ndimu, tangawizi, asali, majani. Mmoja akasimama mlangoni: "Poleni jamani, nani anaumwa?" Na hana kosa. Mwaka 2020 vitu hivihivi tulivitia kwenye sufuria, tukavichemsha, tukajifunika blanketi, tukajifukiza nyungu huku tunatokwa machozi. Leo tunavitilia barafu, tunasema ni starehe. Mdogo wangu akamjibu bila kupepesa macho, "Ni dawa." Hakudanganya sana. Wakenya wana kokteli yao hasa, vodka, ndimu, asali na barafu, na wanaiita dawa, unaikoroga kwa kijiti kilichochovywa asali. Jirani akasema basi na yeye kifua kinambana tangu juzi.

Tukafika kwenye barafu. Umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi, na friji letu lilikuwa limeshaanza kulia machozi sakafuni. Mtoto akatumwa nyumba ya tatu kwa mama anayeuza barafu, ambaye friza lake linashika ubaridi hata umeme usipokuwepo. Linashika na mengine. Mama yule anauza barafu asubuhi na vibua jioni, kutoka friza hilohilo. Barafu ikaletwa, safi, nyeupe, inang'aa. Mojito ikatengenezwa. Kule Cuba ilikozaliwa wanatia ramu, sisi tukatia Konyagi, na sidhani kama kuna Mcuba atakayefunga safari kuja kulalamika. Minti ikabonyezwa kistaarabu, ndimu, shira, barafu, maji ya gesi juu. Nikanusa. Nikapiga funda.

Mojito ya Havana iliyopitia soko la samaki la Feri.

"Mbona kama kuna kibua humu?" nikauliza. Mama watoto akasema nisianze. Mdogo wangu akasema kibua hakimsumbui, akamaliza ya kwake na ya kwangu.

Nasema hivi, na hili dada wa kwenye simu hawezi kuwaambia: umeme ukirudi, usigandishe maji. Kata nanasi vipande vidogo, gandisha hivyo. Tikitimaji pia linafaa. Unavitumia badala ya barafu. Havikizimui kinywaji kinapokuwa kinayeyuka, na mwishoni unavitafuna. Halafu viweke kwenye kopo lenye mfuniko, maana samaki hana mipaka.

Hatuna pia kile chombo cha kutikisia. Tulikuwa na kopo la siagi ya karanga, mfuniko wake unakaza vizuri. Kwa nanasi, mrehani na ndimu, lilifanya kazi yake bila tatizo, na chujio la chai likamalizia. Tatizo ni mdogo wangu. Aliona zamu yake imefika. Akatia kinywaji, akatia ndimu, akatia maji ya gesi, akafunga mfuniko, akaanza kutikisa na kiuno. Maji ya gesi hayatikiswi! Yanamiminwa mwisho, baada ya kutikisa, hata mtoto wa chekechea aliyewahi kuichezea soda anajua. Mfuniko ukaruka, ukagonga feni. Kinywaji kikapanda juu, kikachora ramani kwenye dari. Dari si letu. Dari ni la mama mwenye nyumba.

Na mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

Hakuja kwa ajili ya dari. Alikuja kwa ajili ya mrehani. Mrehani ule mnaojiuliza niliupata wapi, sikuupata popote. Uko uani kwake, kwenye ndoo ya zamani ya rangi, kando ya mchaichai, anaumwagilia kila jioni kuliko anavyoturekebishia bomba. Anautumia kwenye kikuba chake akiwa na shughuli. Mdogo wangu aliuona, akaukata nusu, akauleta jikoni akisema ameuokota. Mama wa watu amesimama na kikonyo kitupu mkononi, hasemi neno. Anatazama meza. Anatazama kinu. Halafu, polepole, anatazama juu.

Hapo ndipo mama watoto aliponishangaza. Hakujitetea. "Karibu mama, shikamoo, kaa hapa kwenye feni." Umeme haupo, feni gani? Lakini bibi wa watu akakaa. Yeye hagusi kileo, jambo hilo mtaa mzima unalijua, kwa hiyo mama watoto akachukua glasi nyingine kabisa, safi, na kijiko kingine. Ukwaju uliolowekwa usiku na kuchujwa. Tangawizi mbichi iliyokunwa na kukamuliwa kwenye kitambaa, kijiko kimoja tu, ikizidi inaunguza koo. Shira. Ndimu kidogo. Kipande cha nanasi. Maji ya gesi juu, na jani la mrehani wake mwenyewe limepigwa makofi mara moja kati ya viganja ili liamke. Bila barafu, Mungu mkubwa.

Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena. Akauliza ukwaju ni wa wapi. Akamwita mjukuu naye aonje. Glasi ya pili akaimaliza huku anamsimulia mama watoto harusi zote ambazo juisi ilikuwa mbaya, kwa majina ya familia na mitaa. Mimi na mdogo wangu tumekaa kimya, tunachungulia dari, tukiomba tone linaloning'inia pale juu lisiamue kushuka.

Nami nikaonjeshwa kile cha ukwaju. Kwa kweli kilikuwa kitamu kuliko vyote vilivyotiwa Konyagi siku ile, na sikusema, kwa sababu ningesema ingekuwa nimekubali kurudi sokoni.

Haikusaidia. Mama mwenye nyumba akainuka, akajifunga khanga vizuri, akasema Jumapili ana wageni wa kikoba, wanawake wasiopungua ishirini, na soda zimewachosha. Anataka lita kumi. Mrehani tuliokata hautudai, ila dari litapakwa rangi kabla ya kodi ijayo. Mama watoto akaitikia kwa furaha, eti hiyo ni kazi ndogo, dakika tano tu.

"Na minti je?" bibi akauliza akiwa mlangoni.

"Baba watoto atafuata Kisutu. Kule ameshakuwa mwenyeji."