Simu haingoji "Pakawa"

Mtindo wa kumlaza mtoto na simu kando ya mto, mtu asiyemjua akimsomea hadithi kama taarifa ya habari, sasa umeingia hadi mitaa ya Lamu. Na wazazi wanajisifu! Eti mtoto katulia. Katulia kwa sababu hakuna anayemuuliza kitu.

Paukwa husemwa ili iitikiwe. Ukishaisema, nyamaza. Akijibu "Pakawa" kivivu, rudia; huyo bado hajaingia hadithini. Na katikati ya kisa pia umwachie pa kuingilia.

Chukua Fumo Liongo, shujaa wa hadithi za pwani, akiwa kifungoni. Mama yake anaoka mkate mzuri na mwingine wa wishwa, yaani makapi, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Kijakazi Saada anaipeleka. Hapa usikimbie. Uliza, "Walinzi watachukua upi?" kisha ngoja, hata pumzi tatu. Mtoto akisema "Mzuri!" keshaijua hila kabla ya walinzi wenyewe. Simu muda huo ishamaliza kisa na inauza sabuni.

Kisha Liongo anaomba apigiwe ngoma ya gungu, pembe nazo zivume, wasisikie tupa ikikata chuma. Mpe mtoto ngoma: apige ubao wa kitanda kwa vidole. Wewe sugua mkeka kwa kucha, hiyo ndiyo tupa. Rudia mara tatu, kila mara polepole zaidi na kwa sauti ya chini zaidi. Macho huanza kulegea hapo. Wengi huharibu pingu zinapokatika: wanapaza sauti, mtoto anaruka kitandani, na saa nne ya usiku bado mnapiga gungu.

Komea Liongo anapotoka. Ile sindano ya shaba ya kitovuni iliyomuua, tena kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, mwekee mpaka akue kidogo. Ukimpa wa miaka minne atalala kaziba kitovu kwa viganja, na wewe utalala pembeni yake.

Mengine ni madogo. Baada ya Isha, robo saa yatosha. Taa ipunguzwe kabla ya Paukwa, si katikati. Hadithi moja ikae hata wiki nzima. Ukiruka kipande mtoto akakusahihisha, shukuru. Na lile swali la "Tumejifunza nini?" jamani, chuo cha Kurani ni asubuhi, mwacheni alale.

Haya, nakubali kwa shingo upande: baba aliye Uarabuni, au aliyelala baharini na nyavu zake, simu itamfaa. Lakini arekodi kwa sauti yake, amtaje mtoto kwa jina, na baada ya Paukwa aache kimya cha kutosha kuitikiwa. Na mama asimwachie mtoto ile simu mkononi: akae naye, aitikie pia, kisha aizime.