Ralo ni lao, plug ni ya kukopa

Juzi harusini niliketi meza moja na jamaa aliyesoma Urusi miaka sita. Akatutangazia, mdomo umejaa pilau, kwamba plug, yaani plau kwa Kirusi, ni neno la Waslavu, yaani Warusi na ndugu zao wa lugha, tangu enzi za Adamu, Wajerumani wameliiba tu. Meza nzima ikaitikia. Mimi pilau likanikwama.

Waslavu wana neno lao bwana, wala halihitaji wakili: ralo. Limezaliwa na orati, kulima, na ndugu zake wamejaa Ulaya: arare ya Kilatini, arotron ya Kigiriki, arklas ya Kilithuania. Hilo ndilo la mababu. Lakini ralo ni mti wenye ncha, hukwaruza ardhi ukapita. Plug ni kitu kingine, hukata udongo na kuupindua. Kifaa kigeni huja na jina lake, kama trekta ilivyokuja kwetu na lake.

Jamaa huyo afungue Kumbukumbu za Kale za Kiev, kitabu cha kale cha historia ya Waslavu wa mashariki. Katika habari za mwaka 964, Wavyatichi, kabila la Kislavu, wanasema huwalipa Wakhazari, watawala wa nyika za kusini, kodi kwa kila ralo. Katika zile za 981, Vladimir, mtawala wa Kiev, anawapiga Wavyatichi hao hao na kuwatoza kodi kwa plug. Kabila moja, kodi ya kilimo ile ile, majina mawili! Sawa, kitabu kilikusanywa mwanzoni mwa karne ya 12, miaka hiyo siiapii. Ila mwandishi alikuwa na maneno yote mawili mkononi, na moja tu kati yake lina mama katika Kislavu. Ndiyo maana wanaisimu wengi huona plug ilitoka kwa Wajerumani.

Haya, nimpunguzie kidogo. Wajerumani nao wasijipige kifua: maneno yao ya asili yanayoanza na p ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo hata kwao plug linanuka ugeni. Na Pliny, mwandishi Mrumi aliyekufa mwaka 79, anataja plaumorati, plau ya magurudumu mawili iliyobuniwa Raetia, huko kwenye milima ya Alps. Huenda nao waliokota njiani.

Nikamwambia hata plau ya mjomba wangu Shinyanga ni ya ukoo huo huo, imepitia kwa Waingereza.

"Kwa hiyo mjomba wako Mslavu?"

Nikamwomba anisogezee kachumbari.