"Malaika" na swali la mwenye wimbo

Wimbo wa "Malaika" ukitajwa mbele ya Mkenya na Mtanzania wenye umri wa kukumbuka santuri, mazungumzo huacha utamu wa wimbo na kugeukia umiliki wake. Mkenya atamtaja Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliurekodi akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, kisha akaurekodi upya katika studio ya Equator jijini Nairobi, iliyokuwa mali ya Charles Worrod, mzaliwa wa Uingereza. Mtanzania atamtaja Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, ambaye inadaiwa aliutunga mwaka 1945 alipokuwa akiishi Nairobi, yaani miaka kumi na mitano hivi kabla sauti ya Fadhili haijaingia kwenye santuri. Wapo na wengine wanaotajwa kuwa na mkono katika utunzi huo, wakiwamo Grant Charo na Lucas Tututu, lakini ubishi mzito umebaki kati ya hao wawili wa kwanza, na umechukua sura ya ubishi wa nchi na nchi.

Upande wa Fadhili una nguvu ambayo haifai kubezwa. Santuri ni ushahidi unaoshikika: ina sauti, ina jina, ina kampuni iliyoitoa. Fadhili alisimama hadharani maisha yake yote na kusema wimbo ni wake, kwamba aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda tangu siku za shule, aliyemwita kwa jina hilo la Malaika, na ambaye hakuweza kumwoa kwa kukosa mahari. Jina lake ndilo lililozoeleka kwenye majalada ya santuri kama mtunzi. Sheria ya hakimiliki, kwa namna ilivyoenea duniani, humlinda aliyeiweka kazi yake mahali inapoweza kusomwa au kusikika tena, na kumbebesha anayekuja baadaye mzigo wa kuthibitisha kwamba alitangulia. Katika kipimo hicho Salim ana kazi ngumu, kwa kuwa hakuna santuri yake ya mwaka 1945 inayoweza kuwekwa mezani.

Hata hivyo, kinachothibitishwa na santuri ni kimoja tu, nacho ni nani aliyeufikia mkrofoni kwanza. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1940, kuufikia mkrofoni na kutunga wimbo yalikuwa mambo mawili yaliyotengana sana. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walirejea kutoka Burma, na baadhi yao, kama Fundi Konde wa pwani ya Kenya, walikuwa wamewahi kuwaburudisha wenzao vitani na walirudi wakiwa wapigaji wa magitaa. Kumbi za dansi za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na miji ya reli zilijaa. Wimbo ulisikika ukumbini Jumamosi, ukachukuliwa na mpigaji mwingine, ukapigwa kwingine kwa maneno yaliyopunguzwa au kuongezwa, na hakuna aliyesimama jukwaani kutangaza jina la mtunzi kabla ya kuanza. Kampuni za kurekodi zilizojikita Nairobi ziliinuka zaidi kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, na hata zilipokuwapo zilichagua wachache kati ya wengi. Kusema kwamba wimbo haukuwapo kwa sababu haukurekodiwa ni kuifuta nusu ya muziki wetu wa enzi hizo kwa mkupuo mmoja.

Hapa ndipo kesi ya "Malaika" inapotofautiana na ile ya "Mbube" wa Afrika Kusini, ambayo watu wengi hupenda kuifananisha nayo. Solomon Linda aliurekodi "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939, hivyo wimbo wake ulipogeuzwa Marekani na kuzalisha fedha nyingi, santuri yenyewe ilikuwapo kusema nani alianza, na warithi wake waliweza kufikia mapatano mwaka 2006. Linda alinyang'anywa kitu ambacho alama zake za vidole zilikuwa juu yake. Katika "Malaika", alama za vidole tulizonazo ni za Fadhili, na swali ni kama kuna mkono mwingine uliokigusa kitu hicho kabla yake.

Wanaotetea upande wowote hukimbilia visa vya mapenzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo hoja zao zinapolegea. Kisa cha Salim, kama kinavyosimuliwa, ni cha kijana aliyependana na binti, wazazi wa binti wakakataa, naye akaozwa kwa mtu tajiri. Kisa cha Fadhili ni cha kijana aliyependana na msichana, akashindwa na mahari. Msikilizaji hudhani kwamba kisa kinachofanana zaidi na maneno ya wimbo ndicho cha kweli. Lakini tuyatazame maneno yenyewe kwa karibu. Mwimbaji anamwita mpenzi wake malaika, anasema anampenda, anajiuliza afanyeje yeye kijana mwenzake, kisha anakiri: "nashindwa na mali sina we, ningekuoa Malaika." Ubeti mwingine unarudi kwenye pesa zinazomsumbua roho, na mwingine unambadilisha mpenzi kuwa kidege anayewazwa. Basi. Hakuna jina la binti, hakuna mji, hakuna wazazi, wala hakuna tajiri aliyemchukua. Ni maneno ambayo kijana yeyote wa mjini mwenye mshahara wa kibarua angeweza kuyadai kuwa yake, na ambayo kisa chochote cha mahari kitayaenea bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Kwa hiyo visa hivyo haviamui chochote. Vinaweza kuwa vya kweli vyote viwili, kwa sababu vijana walioshindwa na mahari Nairobi ya wakati huo hawakuwa wawili tu. Vinaweza pia kuwa vimenolewa baadaye ili vilingane na maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayajua kwa moyo, jambo ambalo huwapata hata watu wakweli wanapohojiwa mara nyingi juu ya jambo moja. Mimi binafsi hushangazwa zaidi na kutokuwapo kwa yule tajiri. Mtu aliyeporwa mchumba na mwenye fedha, katika lugha ambayo ina desturi ndefu ya kumsema hasimu kwa mafumbo, angepata shida kumwacha nje kabisa. Lakini nikiitumia hoja hiyo kumwangusha Salim nitakuwa nimetenda kosa lile lile la kuyasoma maisha ya mtu kutoka kwenye ubeti, kwa hiyo naiacha ilivyo.

Ubishi wa uraia nao unapotosha. Mwaka 1945 hapakuwa na Mkenya wala Mtanzania kwa maana ya leo. Palikuwa na koloni la Kenya na Tanganyika iliyokuwa chini ya udhamini, zote mikononi mwa Mwingereza, na watu, magitaa na santuri vikipita kati yake kwa treni. Reli kutoka Voi ilipita Taveta hadi Moshi, ikiunganisha nchi ya Wataita alikotoka Fadhili na mji ulio chini ya Kilimanjaro upande wa pili wa mpaka. Bendi ya studio ya Equator yenyewe ilikuwa na akina Daudi Kabaka na Gabriel Omolo wa Kenya pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, na hakuna aliyeona ajabu. Anayesema Kenya imeiibia Tanzania, au Tanzania inaionea wivu Kenya, anawavika watunzi bendera ambazo wakati huo hazikuwa zimeshonwa.

Nikitakiwa kutoa hukumu, nasema hivi. "Malaika" tunaoujua, kwa mpangilio wake na umbo lake la kukumbukika, ulitufikia kupitia Fadhili William, na jina lake lina haki ya kubaki kwenye jalada. Ila kulibakisha hakulazimu kumwita Salim mwongo. Sheria hupenda mtunzi mmoja au watunzi wanaohesabika kwa sababu inapaswa kugawa fedha. Mwandishi wa historia ya muziki hana mgawo wa kufanya, na anaweza kuandika kwamba kuna dai la zamani zaidi ambalo halikupata mkrofoni. Jambo la aibu ni pale baadhi ya watoaji wa ng'ambo walipouchukulia kama wimbo wa jadi usio na mwenyewe, kana kwamba ulichimbwa ardhini. Kati ya madai yote, hilo ndilo ambalo naliona halina mguu hata mmoja wa kusimamia, kwani wote wawili, Salim na Fadhili, walikuwa hai wakati wimbo ukianza kuizunguka dunia.

Na uliizunguka kweli. Miriam Makeba, ambaye tangu mwaka 1960 alikuwa amezuiwa kurudi kwao Afrika Kusini, aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Hep Stars wa Sweden, waliokuwa na Benny Andersson kabla hajawa mmoja wa ABBA, waliurekodi mwaka 1967. Boney M. wakautoa kwa mdundo wa disko mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya 1991. Huzuni ya Makeba ilikuwa nzito kuliko ya Fadhili, ambaye katika santuri yake anasikika kama kijana anayelalamika huku akitembea. Wapo wanaosema Makeba aliupandisha wimbo hadhi, na wapo wanaosema alimfunika mwenyewe hata wasikilizaji wengi wa mbali wakadhani ni wimbo wa Afrika Kusini. Yote mawili ni kweli, na sioni sababu ya kulazimisha moja limeze jingine.

Huku nyumbani, ukali wa wimbo umepungua kwa njia nyingine. Katika hoteli za ufuo, kuanzia Diani hadi Zanzibar, wapigaji waliovaa mashati ya kitenge huzunguka kati ya meza wakati wa chakula cha jioni, na wageni wakishaimbiwa "Jambo" huletewa "Malaika", kisha noti hukunjwa na kusukumwa kwenye tundu la gitaa. Wimbo wa asiye na mali umekuwa wa kutafutia mali. Ajabu kubwa zaidi ni kwenye harusi, ambako bwana na bibi harusi huuchezea pole pole wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa. Wachambuzi wakali hulalamika kwamba maana imeuawa. Sikubaliani nao sana: wapigaji wa hoteli ndio walioufanya ujulikane kwa kizazi ambacho hakijawahi kushika santuri, na bwana harusi aliyekopa kwa ndugu zake ili kutimiza mahari huenda anauelewa kuliko mchambuzi.

Fadhili alifariki Nairobi mwezi Februari mwaka 2001. Chini ya sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, hivyo kwa upande wake "Malaika" una mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051. Iwapo kuna ushahidi wowote wa upande wa Salim uliobaki, barua, shairi lililoandikwa daftarini au kumbukumbu ya waliomsikia akiimba kabla ya mwaka 1960, muda wa kuuleta mbele ya chombo chenye uwezo wa kuupima bado upo.